“I didn't went”: nianzie wapi kufundisha wakati uliopita kwa darasa la watoto 70?

“Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam. Darasa lina wanafunzi 70 hivi, na karibu wote wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Nimewakaririsha jedwali la vitenzi, go–went–gone, eat–ate–eaten, mpaka wanaliimba bila kuangalia ubaoni. Lakini nikimuuliza mtoto jana alifanya nini, ananijibu ‘Yesterday I go to the market.’ Nikimsahihisha, kesho yake anakuja na ‘I did went’ au ‘I didn't went.’ Mtandaoni naona michezo mizuri ya kuanzishia wakati uliopita, ila inataka projekta, kadi za rangi na watoto 15. Mimi nina ubao, chaki na kelele. Mwenzangu ofisini anasema shida ni kwamba nawaeleza kwa Kiswahili, niache kabisa. Nianzie wapi, kwa namna itakayowachangamsha lakini isiwe mchezo mtupu?”

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Naona umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Unataka njia za kuanzisha wakati uliopita ambazo darasa kubwa linaweza kuzimudu. Unashangaa kwa nini watoto wanaoimba jedwali zima hawalitumii wanapofungua mdomo. Na umeanza kuingiwa na hofu kwamba Kiswahili chako ndicho kinachowaharibu. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu ukishajua kosa linatoka wapi, michezo utaitunga mwenyewe, na itawafaa watoto wa Mbagala kuliko ile ya projekta.

Kwanza niwatetee wanafunzi wako. “I didn't went” si uvivu wala si kusahau. Mtoto aliyekuwa akisema “I go” na sasa anasema “I did went” amesogea mbele. Ameshatambua kwamba Kiingereza kinadai alama ya wakati, ameshatambua kwamba “did” inahusika, ila ameiweka alama hiyo mara mbili. Hata watoto wanaozaliwa na lugha hii hupitia jambo la namna hiyo: mdogo husema “went” kwa kuwa ndivyo alivyosikia, akikua kidogo anaanza kusema “goed”, kisha baadaye anarudi kwenye “went”. Mzazi anadhani mwanawe ameharibikiwa, kumbe ndiyo kwanza amegundua kuna kanuni na anaibandika kila anapopita. Mwaka 1958 mtafiti wa Kimarekani, Jean Berko, aliwaonesha watoto picha ya mtu anayefanya kitendo kisichokuwepo duniani, akakipa jina la kubuni, “rick”, kisha akawauliza: jana mtu huyu alifanya nini? Watoto wakajibu “ricked”. Neno hilo hawakuwa wamewahi kulisikia, kwa hiyo haiwezekani kwamba walilikariri. Walikuwa na kanuni kichwani. Kosa la mwanafunzi wako linakuonesha kanuni yake imefika wapi, na hilo ni jambo la kukutia moyo.

Sasa tuje kwenye jedwali. Mtoto anayeimba “go–went–gone” amejifunza kujibu swali moja tu: wakati uliopita wa “go” ni upi? Ukimuuliza hivyo hata usiku wa manane atakujibu. Lakini unapomuuliza jana alifanya nini, kichwani mwake hakuna jedwali. Anafikiria soko, anafikiria samaki, anatafuta Kiingereza cha “bei”, na anaona haya kwa kuwa wenzake wanamwangalia. Jedwali halikuitwa, kwa hiyo halikuja. Tunachotakiwa kufanya ni kumfundisha “went” akiwa ndani ya jambo lililopita, ili jambo lenyewe ndilo limwite “went”.

Kuna kizuizi kingine ambacho sisi walimu tunakijenga kwa mikono yetu, nacho ni neno “yesterday”. Angalia vitabu vyetu na mbao zetu: karibu kila sentensi ya wakati uliopita imetanguliwa na “yesterday” au “last week”. Mtafiti Bill VanPatten amelieleza jambo hili kwa muda mrefu: mtu anayejifunza lugha huokota maana kwenye maneno kamili kabla ya kuiokota kwenye viambishi. Akishasikia “yesterday”, ameshajua ni jana. Sikio lake halina sababu tena ya kuhangaika na “-ed” iliyojificha mwishoni mwa kitenzi. Na akizungumza anafanya hivyo hivyo: anatia “yesterday” mwanzoni, anaona kazi imekwisha, anaendelea na “I go”. Kwa mtazamo wake ameeleweka vizuri kabisa, na kusema kweli ameeleweka.

Sababu ya tatu inatoka nyumbani. Kiswahili hakitii alama ya “-li-” kwenye kila kitenzi cha masimulizi. Tunasema: niliamka, nikaoga, nikanywa chai, nikatoka. Wakati umetajwa mara moja mwanzoni, halafu “-ka-” inaendeleza safari. Sasa soma insha ya mwanafunzi wako: “I woke up, I wash, I drink tea, I go.” Wewe unaona mtoto aliyekumbuka kitenzi kimoja na kusahau vitatu. Mimi naona mtoto aliyefuata sarufi ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza hakina “-ka-”, kwamba huko kila kitenzi hubeba wakati wake chenyewe mpaka hadithi iishe. Mwambie. Andika sentensi hiyo ya Kiswahili ubaoni, pigia mstari “-li-” moja na “-ka-” tatu, halafu chini yake andika “woke, washed, drank, went.” Ni dakika tano tu, kwa Kiswahili, na utaona nyuso zikibadilika.

Hapo nimeshamgusa mwenzako wa ofisini, basi nimalizane naye. Ana ukweli nusu. Kama kipindi kizima cha dakika 40 unakieleza kwa Kiswahili, watoto wanatoka bila kusikia hata sentensi kumi za Kiingereza cha wakati uliopita, na hakuna kanuni inayoota bila kusikiwa. Lakini kuacha kabisa ni kutupa kifaa pekee ambacho kila mtoto darasani amekuja nacho. Kiswahili kitumie pale lugha mbili zinapopishana, kwa muda mfupi, kisha urudi kwenye Kiingereza. Hadithi, maagizo na michezo viwe kwa Kiingereza.

Haya, utangulizi wenyewe. Usianze na jedwali, wala usiandike “Past Simple Tense” juu ya ubao. Ingia na kikapu chenye vitu vya jana yako: risiti ya umeme wa LUKU, kipande cha gazeti chenye magamba ya samaki, kitunguu kilichobaki, sufuria yenye ukoko. Simulia ukitoa kimoja kimoja: “I woke up at six. I went to Feri. I bought two fish. The lights went out, so I bought LUKU. I cooked. I burned the rice. My neighbour laughed.” Simulia tena, taratibu kidogo, wao wakisikiliza tu bila kuandika. Mara ya tatu danganya: “I bought a goat.” Watapiga kelele, “No! Fish!” “I went to Kariakoo.” “No! Feri!” Umeona? Wameshasikia “bought” na “went” mara nyingi, wameelewa, na bado hujamtaka yeyote azitamke. Kutamka kuje baada ya kusikia. Ndipo uandike ubaoni vitenzi vitano tu, uwaulize wenyewe wanaona nini, na kipindi kijacho kila dawati lilete kitu kimoja cha jana.

Baada ya hapo uondoe “yesterday”. Zoezi ninalolipenda kwa darasa kubwa halina sauti kabisa, hivyo mwalimu wa darasa la jirani hatakuja kugonga mlango. Unasoma sentensi zisizo na neno lolote la wakati. Kama ni jambo la kila siku, wanafunzi wanaweka kiganja juu ya dawati. Kama lilishapita, wanarusha mkono nyuma ya bega. “We cook ugali.” “We cooked ugali.” “They play behind the school.” “They played behind the school.” Watoto 70 wanajibu kwa pamoja, na wewe kwa jicho moja unajua nani anasikia na nani anamwangalia jirani. Mwanzoni chagua vitenzi visivyofuata kanuni, kama “go” na “went”, kwa sababu tofauti yake inasikika waziwazi, ndipo uende kwenye “-ed”. Wakishazoea, wategee mtego: “He cut the bread.” Wengi watagombana. Kitenzi hakijabadilika, lakini ingekuwa kila siku tungesikia “cuts”. Hakuna “s”, kwa hiyo limeshapita. Mwanafunzi atakayekupa sababu hiyo mwenyewe, hiyo sarufi hatakaa aisahau.

Zoezi hili litakufichulia tatizo ambalo hukulitaja kwenye swali: matamshi. Maneno ya Kiswahili huishia kwenye irabu, isipokuwa machache tuliyoazima. Neno “washed” linaishia na konsonanti mbili zilizogandana, “sh” na “t”, na ulimi wa mtoto wetu una njia mbili za kutoka hapo: aidha anadondosha mwisho na kusema “wash”, au anaongeza irabu na kusema “washedi”. Kumbuka pia kwamba “-ed” ina sauti tatu. Baada ya sauti zisizo na mtetemo kooni, kama za “cook”, “help” na “wash”, ni “t”. Baada ya zenye mtetemo, kama “play”, “call” na “clean”, ni “d”. Na baada ya “t” au “d” yenyewe, kama “want” na “need”, ndipo inapokuwa silabi kamili, “id”. Waambie waweke vidole kooni wausikie mtetemo, lakini usiwatese na kanuni hiyo wiki nzima. Kuna njia ya mkato inayomfaa sana Mswahili: weka neno linaloanza na irabu mbele yake. “Washed it” itamke “wosh-tit”. “Cooked it”, “kuk-tit”. “Picked up”, “pik-tap”. Konsonanti iliyokuwa ikining'inia mwishoni inahamia mwanzo wa silabi inayofuata, mahali ambapo ulimi wetu umezoea kuikuta. Ndiyo maana mifano yako iwe “I washed it” badala ya “I washed the plates”, angalau kwa siku za mwanzo. “Walked to” iepuke kabisa. Hata Mwingereza humsikii “-ed” yake hapo.

Ukitaka wacheke huku wakizoeza sauti hizo, waache wabuni vitenzi, kama alivyofanya Berko. “To boda”, kupanda bodaboda: “I bodaed to Rangi Tatu.” “To chips”, kula chipsi mayai na kuacha chakula cha nyumbani: “We chipsed again,” ambayo inaishia na “t”. “To vat”, kuvaa sweta la mtu bila ruhusa: “She vated my sweater,” hapo wanalazimika kutamka “id”. Kitenzi kipya hakina jedwali la kukariri, kwa hiyo anayekipatia amepatia kanuni yenyewe. Ila kabla kengele haijalia waambie wazi kwamba maneno haya ni ya mchezo. Bila hivyo utayasahihisha kwenye mtihani.

Sasa “did”. Hili ndilo linalokusumbua zaidi, na kwa maoni yangu halipaswi kufundishwa juma moja na “went”. Acha wasimulie kwanza, sentensi za kukubali tu, mpaka zikae. Kisha lete swali na ukanushi vikiwa na sababu ya kutumika. Mchezo wenyewe ni wa upelelezi. Tangaza kwamba jana, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi, maandazi ya ofisi ya walimu yaliliwa. Watuhumiwa wawili wanatoka nje dakika tano kupatana walikuwa wapi: walikaa wapi, walikunywa nini, walikutana na nani, nani alilipa. Darasa, kwa makundi ya watu saba saba, linaandaa maswali. Anaingia wa kwanza, anahojiwa, halafu wa pili anaulizwa maswali yale yale. Wakipishana, wamekamatwa. “Where did you sit?” “What did you drink?” “Did you see the monitor?” Hakuna namna ya kuuliza maswali haya bila “did”, na hakuna namna ya kujitetea bila “I didn't eat them.” Sarufi imepata kazi ya kufanya.

Kanuni utawaeleza hivi: nauli ya wakati hailipwi mara mbili. “Did” akishalipa, kitenzi kinapanda bure, kinabaki “go”, “eat”, “see”. “Did” asipokuwepo, kitenzi kinajilipia chenyewe: “went”, “ate”, “saw”. Ukisikia “I didn't went”, huna haja ya kutoa mhadhara, uliza tu, “Nani amelipa?” Wenzake watajibu kabla yake. Na kama kuna anayedhani hayo ni maajabu ya Wazungu, mwoneshe Kiswahili chake. Alinunua, ukanushi wake ni hakununua. “-li-” imeondoka, “-ku-” imeshika nafasi. Ukizibana zote mbili unapata “hakulinunua”, na hiyo si “hakununua” tena. Mtu ataanza kuuliza ni shati au gari. Lugha zote mbili zinakataa kutia wakati mara mbili, ila zinakataa kwa njia tofauti.

Nikuonye kuhusu kelele. Makundi kumi yakipeleleza kwa wakati mmoja, chumba kitavuma. Panga mchezo huu kwenye kipindi cha kabla ya mapumziko, mtaarifu mwenzako wa jirani, na kila kundi liwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika majibu. Kuandika hutuliza. Pia watakaozungumza sana ni wale wale wanaozungumza kila siku, kwa hiyo watuhumiwa wateue wewe mwenyewe, tena kutoka madawati ya nyuma. Na kama darasa lako bado halijaweza kusikilizana, anza na kikapu na zoezi la mkono, mengine yasubiri. Mchezo uliovurugika unafundisha kidogo kuliko zoezi la kuandika lililotulia, na usione aibu kuchagua zoezi.

Kwa vijana wa mpira, kuna njia fupi. Mtangazaji wa redio anatangaza kwa wakati uliopo: “He passes, he shoots, the keeper catches it.” Gazeti la kesho yake linaandika “passed, shot, caught.” Nusu ya darasa watangazaji, nusu waandishi. Tumieni mechi ya kidato cha kwanza na cha pili, maana ukileta Simba na Yanga kipindi kitaisha bila kitenzi hata kimoja.

Kazi ya nyumbani iwe ya kuhoji wazee. Mwanafunzi anamuuliza bibi au babu, kwa Kiswahili, Mbagala ilikuwaje zamani, halafu analeta sentensi tano za Kiingereza. Kwa wasio na mzee karibu, jiji lenyewe lina historia ya kutosha: Sultani Majid wa Zanzibar aliyeanza kuujenga mji katika miaka ya 1860, Kariakoo iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Mnara wa Askari wa mwaka 1927, Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Nachagua mambo yenye tarehe kwa makusudi. Sisi Dar tunasema “nimemuona jana” bila tabu, na ndiko kunakotoka “I have seen him yesterday.” Jambo lenye tarehe iliyokwisha halikai na “have”. “Tanganyika became independent in 1961”, basi. Wakizoea kufunga tarehe na wakati uliopita sahili, utakapofika kwenye “have” mwezi ujao ugomvi utakuwa mdogo. Usichanganye hizo mbili sasa hivi, hata kama azimio la kazi limeziweka jirani.

Je, jedwali litupwe? Hapana. Mtihani utawauliza maumbo ya vitenzi, na “bought” huwezi kuikisia kwa akili, lazima ikaririwe. Vitenzi tunavyovitumia zaidi, “be, have, do, say, go, come, see, take”, vyote havifuati kanuni, na sababu ni hiyo hiyo kwamba vinatumika mno. Kitenzi kinachosemwa kila saa hakipati nafasi ya kusahaulika, kwa hiyo kinabaki na umbo lake la kale. Kisichosemwa sana watu wanakisahau na kukibandika “-ed”. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia vitenzi 177 visivyofuata kanuni katika Kiingereza cha kale, na ukakuta 98 tu ndivyo bado havifuati kanuni leo. “Help” ni mmojawapo wa waliokubali yaishe. Wasimulie watoto hilo, watajua kwamba lugha haikutungwa kuwakomoa.

Ninachokushauri ni kubadili mpangilio wa jedwali. La alfabeti linaweka “begin” karibu na “bite” na “blow”, vitu visivyohusiana. Panga kwa sauti: “sing–sang, ring–rang, drink–drank, swim–swam”, “buy–bought, bring–brought, think–thought, catch–caught”, “keep–kept, sleep–slept, sweep–swept”, “send–sent, spend–spent, lend–lent”, na wale watulivu, “cut, put, hit, shut”. Familia moja kwa wiki inatosha. Na waimbe sentensi badala ya neno tupu: “I slept, I swept, I kept the change.” Umbo la tatu, “gone” na “eaten”, liache kwanza. Halina kazi mpaka “have” ifike, na kwa sasa linawajazia tu kichwa.

Kuhusu kusahihisha. Wengi wetu mtoto akisema “I go to church” tunarudia palepale, “Yes, you went to church,” tukidhani amesikia. Mara nyingi hakusikia marekebisho, alisikia “yes”. Mrudishie kazi: “You go every day, or…?” kisha nyamaza, urushe mkono nyuma ya bega. Akijirekebisha mwenyewe inakaa zaidi. Lakini fanya hivyo kwa jambo mlilolifundisha wiki hiyo tu. Wakati mtoto anasimulia habari ya msiba kwao, mwache asimulie.

Usitarajie pia kwamba mwezi mmoja utatosha. Mwanafunzi anaweza kujaza mapengo 20 bila kosa na jioni hiyo hiyo akasema “yesterday I go”. Kuandika anapata muda wa kufikiri, kuzungumza hapati. Vipime mbalimbali, kila kimoja na alama zake. Ukiona kwenye masimulizi yake “went” na “bought” zimeanza kutokea zenyewe huku “-ed” ikikosekana, hayo ni maendeleo ya kawaida. Zile za kipekee hutangulia, kwa kuwa zinasikika.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia. La kwanza ni kipindi chako kinavyokwenda. Omba mwenzako, hata huyo anayepinga Kiswahili chako, akae nyuma siku ya kikapu na akuandikie jambo moja tu: ni nani waliofungua mdomo na mara ngapi. Kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) cha shule yenu ndiyo mahali pa kulijadili hilo, tena na andalio lako la somo mkononi.

La pili ni wale wachache watakaobaki nyuma kila mara. Kama mtoto hasomi vizuri hata aya ya Kiswahili, wakati uliopita wa Kiingereza si ugonjwa wake. Anahitaji kurudishwa kwenye kusoma, na hilo ulizungumze na mwalimu wa taaluma na mzazi mapema. Na kama kwenye zoezi la mkono kuna anayekosea karibu kila mara, hata kati ya “go” na “went”, hasa ukiwa umempa mgongo au umesimama mbali, msogeze dawati la mbele kwa wiki mbili. Akibadilika, au akiwa anakukodolea midomo unapozungumza, waite wazazi wampeleke hospitali apimwe masikio. Anayekosea kusoma ubaoni apimwe macho. Waambie wazazi hivyo kwa upole na ana kwa ana, si kwa kumwandikia mtoto kikaratasi.